Kongo Mashariki: Kukutana na rafiki wa mtandaoni kwa mara ya kwanza, kwa nini siri ndiyo hatari kubwa

Boti ya kutoka Bukavu inapokaribia bandari ya Goma, watu wanaongoja kwenye ukingo wa ziwa Kivu huwa wa namna mbili. Wamoja wanamjua mgeni wao: ni ndugu, ni mteja wa zamani, ni mtoto anayerudi kutoka masomo. Wengine wameshika simu mkononi. Wanatazama picha, wanatazama sura za abiria wanaoshuka, kisha wanarudi tena kwenye picha. Hao wanamngoja mtu ambaye wameongea naye kwa miezi mingi bila kumwona hata siku moja.

Jambo hili limekuwa la kawaida katika miji ya mashariki mwa RDC. Huko Goma, Bukavu, Butembo, Beni, Bunia au Uvira, watu wanajuana kwanza kwenye Facebook, WhatsApp au TikTok, na kuonana kunakuja baadaye. Mama muuza vitenge anampata mletaji wa bidhaa. Kijana aliyemaliza chuo kikuu anampata mtu anayemwahidi kazi. Msichana anampata mchumba. Familia iliyotawanywa na vita inampata mtu anayesema kwamba ameona mtoto wao.

Mara nyingi mambo yanaenda vizuri. Watu wanaonana, wanacheka kidogo kwa sababu sura haifanani sana na picha, biashara inaendelea au urafiki unakua. Lakini kuna wanaorudi nyumbani bila simu na bila pesa, kuna wanaorudi na jeraha wasilotaka kulitaja, na kuna wasiorudi. Ukiangalia kwa makini namna mikutano hiyo inavyopangwa, tofauti kubwa kati ya ile inayofaulu na ile inayoharibika haiko kwenye mtandao wenyewe. Iko kwenye swali moja: ni nani mwingine aliyejua kwamba watu hawa wawili wanaenda kukutana?

Barabara zilifungwa, simu ikabaki

Ili kuelewa kwa nini wakaaji wa mashariki wanategemea sana watu wa mtandaoni, ni lazima kurudi kwenye hali ya vita. Mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma uliingia mikononi mwa kundi la AFC/M23. Katikati ya Februari mwaka huo, Bukavu nao ukafuata. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Benki zilifunga milango. Kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji wa Goma zilivunjwa, na watu waliokuwa wameishi humo kwa miezi au miaka wakatawanyika tena, wengine kwenye vijiji vyao, wengine kwa familia zilizowapokea.

Kwa mfanyabiashara, hiyo ilimaanisha kwamba mtu aliyemzoea upande wa pili hakupatikana tena. Kwa mzazi, ilimaanisha kutojua mtoto alikimbilia upande gani. Kwa mwanafunzi, ilimaanisha kutenganishwa na wenzake. Simu ndiyo iliyobaki kuwa barabara. Ujumbe ulipita mahali ambapo gari halikupita, na pesa zikapita kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money mahali ambapo benki haikufanya kazi.

Hata kabla ya hapo, vijana wa mashariki walikuwa wameonyesha kwamba watu wanaweza kuanzia kwenye simu na kufika kwenye jambo kubwa. Harakati ya raia LUCHA, iliyozaliwa Goma mwaka wa 2012, ilitumia sana mitandao ya kijamii kuwaita vijana wa miji mingine, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuonana. Kusema tu kwamba watu wa mtandaoni ni waongo ni kukosa kuona hayo. Kuna ndoa, vikundi vya akiba, kazi za kujitolea na biashara za halali zilizoanzia kwenye kundi la WhatsApp.

Kwa hiyo ushauri wa wazazi wengi, ule wa kusema usikutane na mtu wa simu, hausaidii sana. Watu watakutana. Wengine hawana njia nyingine ya kupata kazi, bidhaa au habari za ndugu zao. Jambo la kujadili ni namna ya kukutana.

Shahidi amepotea katikati

Katika maisha ya zamani, na hata leo mtaani, mtu mgeni haji peke yake. Kuna anayemleta. Sokoni, mwenye depo hamkopeshi mtu kabla ya kuuliza anatoka kwa nani, na jibu linatajwa kwa jina la mtu anayejulikana. Mkristo anayehamia mji mwingine anachukua barua kutoka parokia au kanisa lake. Mpangaji mpya anaulizwa na mwenye nyumba alikokuwa akikaa. Katika ndoa, mambo ni wazi zaidi: upande wa mwanaume unatuma wajumbe, familia zinajuana, na sheria ya familia ya Kongo yenyewe inaiweka mahari kuwa sehemu ya ndoa, jambo ambalo haliwezi kufanyika bila watu wa pande mbili kukaa pamoja.

Taratibu hizo zina lawama zake. Zinachelewesha, zinagharimu, na wakati mwingine zinawanyima vijana uhuru wa kuchagua. Lakini zilikuwa na kazi moja kubwa: kama mtu akikosea, kulikuwa na mlango wa kubisha. Anayemleta mgeni anabeba sehemu ya jukumu. Mtu anayetaka kudanganya alijua kwamba atalazimika kudanganya wengi, siyo mmoja.

Mtandao umeondoa shahidi huyo na kuweka alama zinazofanana naye. Mtu anaona kwamba ana marafiki 40 wa pamoja na mgeni fulani, anatulia. Anaona kwamba wako kundi moja la kwaya au la wanafunzi wa zamani, anatulia zaidi. Lakini marafiki hao 40 huenda walikubali ombi lake kama yeye alivyolikubali, bila kumjua. Na katika kundi la watu 200, msimamizi anaweza kuwa amemwingiza mtu kwa sababu tu mtu mwingine alituma namba. Kila mmoja anafikiri kwamba mwenzake ndiye anayemfahamu mgeni.

Hata namba ya simu yenyewe si ushahidi. Wakati wa kukimbia, watu wengi walipoteza simu au walinyang'anywa. Simu iliyoibiwa bila kufungwa kwa siri nzuri inampa mwizi mazungumzo yote, picha zote, na majina ya watu wote ambao mwenyewe alikuwa akiongea nao. Namba iliyokaa muda mrefu bila kutumiwa inaweza kuuzwa tena na kampuni ya simu kwa mteja mwingine. Hivyo mtu anaweza kufikiri kwamba anaenda kukutana na rafiki wa miaka miwili, kumbe tangu mwezi uliopita anaongea na mtu mwingine kabisa. Sauti ndiyo ya kwanza kusaliti hali hiyo, na ndiyo maana mdanganyifu huwa anapenda kuandika kuliko kupiga.

Lagos na Nairobi, mafunzo mawili

Visa vya namna hii haviko Kongo tu, na nchi nyingine za Afrika zimeshalipa bei ya kujifunza.

Mwaka wa 2012 nchini Nigeria, mwanamke kijana aliyekuwa akisoma chuo kikuu na kuendesha duka la nguo alisafiri kwenda Lagos kununua bidhaa. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameongea kwenye mtandao na mwanaume aliyejionyesha kama mtu mwema na mwenye uwezo wa kumsaidia. Yeye na mwenzake walimpokea na kumpeleka hotelini. Mle chumbani walimfunga, wakamwibia, akafa. Watu wa familia yake walibaki siku nyingi wakimtafuta. Mwaka wa 2017, mahakama ya Lagos iliwahukumu wanaume wawili adhabu ya kifo.

Mama yeyote wa Kadutu au wa Birere anayefunga safari kwenda Kampala au Nairobi kutafuta bidhaa anajiona katika habari hiyo. Marehemu hakuwa akitafuta anasa. Alikuwa kwenye safari ya kazi, na mtu aliyejitolea kumpokea alionekana kuwa msaada. Hapo ndipo hatari inapoingia: mahali ambapo mgeni anahitaji mwenyeji.

Nchini Kenya, Januari 2024, wanawake wawili waliuawa mjini Nairobi mwezi huohuo, kila mmoja katika nyumba ya kupangishwa kwa siku chache. Katika kisa kimojawapo, vyombo vya habari vya Kenya viliripoti kwamba marehemu na mwanaume aliyeshtakiwa walikuwa wamejuana kupitia Instagram. Tarehe 27 Januari, maelfu ya watu waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake. Moja ya mambo yaliyowakasirisha waandamanaji ni kwamba watu wengi mtandaoni walikuwa wakiuliza wanawake hao walienda kufanya nini huko, badala ya kuuliza kwa nini waliuawa.

Visa vyote viwili vina sura moja inayofanana: chumba kilichofungwa, mahali palipochaguliwa na mwingine, na hakuna mtu wa tatu karibu.

Namna siri inavyojengwa

Siri haiji siku moja. Inajengwa polepole, na hatua zake zinajulikana.

Kwanza ni kutoka kwenye kundi. Mazungumzo yanaanza mbele ya wengi, chini ya picha au katika kundi la WhatsApp, kisha mgeni anaomba kuhamia pembeni. Hilo peke yake si kosa, kila mtu anafanya hivyo. Lakini kuanzia hapo, mashahidi wanapungua.

Pili ni sababu ya kunyamaza, na kila aina ya mtu anapewa sababu yake. Mwenye kutafuta kazi anaambiwa asiseme kwa sababu nafasi ni chache na wenzake watamwibia. Mfanyabiashara anaambiwa kwamba bei hiyo ni yake peke yake, wengine wakijua itapanda. Mpenzi anaambiwa kwamba familia hazitaelewa, ni vizuri kungoja. Familia inayomtafuta mtoto inaambiwa kwamba habari zikisambaa, mtoto atahamishwa. Maneno ni tofauti, kazi yake ni moja.

Tatu ni pesa ndogo kabla ya kuonana. Inaombwa nauli ya boti, ya kutoa mzigo bandarini, ya kufungua faili ya kazi, au ya hospitali kwa sababu ya ajali iliyotokea njiani asubuhi hiyohiyo. Kwa wengi, hasara inaishia hapo: pesa zinatumwa kwenye kabini, na namba haipatikani tena. Lakini aliyekwisha kutuma mara tatu anakuwa na sababu ya kwenda mwenyewe kuonana, kwa kuwa hataki kukubali kwamba amepoteza. Hasara ya kwanza inamvuta kwenye hatari ya pili.

Nne ni kubadili mahali dakika za mwisho. Walikuwa wamepatana kuonana mbele ya mgahawa saa nane mchana. Saa tisa, mwenyeji anasema amezuiwa kidogo, anamtuma motari aje kumchukua mgeni. Motari anajulikana na mwenyeji, mgeni hamjui. Safari inaelekea mtaa ambao mgeni hajawahi kufika, na jua linaelekea kuzama.

Katika mji wa kawaida, hilo lingekuwa kosa dogo. Katika miji ambamo umeme unakatika, ambamo watu wanaogopa kutoka usiku na utekaji nyara kwa ajili ya kudai pesa umekuwa kama kazi ya kila siku kwa makundi fulani, hilo linaweza kuwa kosa la mwisho.

Kazi ya mbali, mlango uleule

Kuna mkutano wa namna nyingine ambao haufanyiki hotelini wala mgahawani. Unafanyika kwenye mpaka au kwenye uwanja wa ndege wa nchi ya jirani, pale kijana anapoonana kwa mara ya kwanza na mtu aliyemwahidi kazi ng'ambo.

Mwezi wa Agosti 2023, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilitoa ripoti iliyosema kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine karibu 100,000 nchini Kambodia, walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi walikuwa wameitikia matangazo ya kazi nzuri. Miongoni mwa waliookolewa katika miaka iliyofuata kulikuwa na vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia. Kwa upande mwingine, wasichana wa Kenya, Uganda na Burundi waliokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba wameeleza mara nyingi kwamba walinyang'anywa pasipoti walipofika.

Kijana wa Kongo mashariki, ambaye hana benki, hana uwanja wa ndege na haoni kazi, ni mtu rahisi kumvuta. Na mtu anayemvuta hatumii nguvu. Anamtumia ujumbe wa sauti wa upole, anamwita mdogo wangu, anamwambia asimweleze mtu mpaka visa itoke.

Baada ya madhara, nani atasikia?

Kwenye karatasi, Kongo haikosi sheria. Kanuni ya adhabu inaadhibu utapeli na wizi. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 kuhusu ubakaji na makosa mengine ya kingono inaendelea kutumika. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto, yaani kila mtu ambaye hajafikia miaka 18. Desemba 2022, kanuni ya adhabu iliongezewa vipengele kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu. Na tarehe 13 Machi 2023, Rais wa Jamhuri alitia sahihi sheria kuhusu mambo ya kidijitali.

Shida ni kwamba sheria inahitaji mlango wa kubisha. Katika miji iliyochukuliwa na AFC/M23, mahakama za serikali zilisimama kufanya kazi kama kawaida. Wakati Goma ulipokuwa ukianguka, gereza la Munzenze lilibaki tupu baada ya maelfu ya wafungwa kutoroka, na wiki chache baadaye gereza la Bukavu nalo likapatwa na hali hiyo. Katika miji iliyobaki mikononi mwa serikali, polisi wana uwezo mdogo, na mara nyingi anayepeleka malalamiko anaombwa pesa ya mafuta ya kumtafuta mtuhumiwa.

Lakini kuna mlango mwingine unaofungwa kabla ya hapo, na huo hauhitaji vita kufungwa. Ni mlango wa nyumbani. Msichana aliyeibiwa au kubakwa na mtu aliyejuana naye kwenye simu anajua swali la kwanza atakaloulizwa: ulienda kufanya nini? Kijana aliyepoteza dola alizokopa kwa mjomba anajua atachekwa. Hivyo wanajifanya hakuna kitu. Mdanganyifu anabaki na namba yake, anabadili picha, anamtafuta mwingine katika kundi lilelile.

Kunyamaza huko kuna gharama ya mwili pia. Mtu aliyebakwa anatakiwa kufika hospitalini ndani ya saa 72 ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na mapema zaidi ni bora zaidi. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka wa 1999 na daktari Denis Mukwege, na hospitali ya HEAL Africa mjini Goma, zinajulikana kwa kuwahudumia watu waliofanyiwa ukatili wa kingono. Anayengoja wiki moja kwa sababu ya aibu anakuta baadhi ya dawa hazifanyi kazi tena.

Wazazi wanaojenga siri bila kujua

Wengi watasema kwamba dawa ni wazazi kuwa wakali zaidi, kuchukua simu, kukataza. Uzoefu wa familia nyingi unaonyesha kinyume. Msichana anayejua kwamba baba atavunja simu hataacha kuongea na mtu wake. Ataacha kumwambia mama. Mtapeli hatakuwa na kazi tena ya kumwomba afiche, nyumba yenyewe itakuwa imemfanyia kazi hiyo.

Kuna pia wale ambao kweli wana sababu ya kunyamaza. Mwanaharakati anayeonana na mwenzake katika mji wenye askari wa kila upande hawezi kutangaza safari yake. Mwanamke anayekimbia mume anayempiga hawezi kuiambia familia nzima. Mtu aliyetoka eneo moja kwenda lingine kuvuka mstari wa vita anaweza kushukiwa upelelezi na pande zote mbili. Kuwaambia hao wote waseme kila kitu mbele ya kila mtu ni kuwapeleka kwenye hatari nyingine.

Lakini hata kwao, kutowaambia watu wengi si sawa na kutomwambia mtu yeyote. Mtu mmoja anayeaminika anatosha: dada, rafiki wa chuo, mama wa kanisa, mwenye nyumba. Tofauti kati ya sifuri na mmoja ni kubwa kuliko tofauti kati ya mmoja na kumi. Na mtu huyo achaguliwe na mwenye safari, siyo na anayemngoja.

Familia inayotaka kuwa mlango huo inalazimika kutoa ahadi moja ngumu: kusikiliza kwanza, kugombeza baadaye. Kaka anayeweza kuambiwa leo jioni naenda kuonana na mtu fulani, naye akajibu sawa, nipe namba yake na unipigie saa kumi, huyo anamlinda dada yake kuliko anayefunga mlango kwa ufunguo.

Hatua zinazowezekana

Hatua za kujilinda hazihitaji pesa nyingi, na wengi wanaozijua wanazisahau siku yenyewe kwa sababu ya haraka au ya haya.

Kabla ya kuonana, ni lazima kuongea kwa video, siyo mara moja tu, na kwa saa ambayo mwenyewe hakuitazamia. Mtu ambaye kamera yake imeharibika miezi mitatu mfululizo ametoa jibu tayari. Ni vizuri pia kumtafuta mtu wa tatu anayemjua kwa uso: mfanyakazi mwenzake, jirani, mtu wa parokia yake. Anayekasirika kwa sababu ameulizwa nani anamjua mtaani hastahili nauli ya boti.

Siku ya kuonana, mahali pawe pa watu wengi, mchana, na pasibadilishwe. Uwanja wa kanisa baada ya ibada, mgahawa wa bandarini, mlango wa soko kubwa. Mahali pakibadilika, mkutano uahirishwe. Mtu mwema atakubali kuja kesho. Kila mmoja aje na motari wake na awe na pesa yake ya kurudi, kwa maana mtu asiye na nauli ya kurudi ameshakuwa mikononi mwa mwenyeji.

Simu iwe na chaji na mega. WhatsApp inaruhusu mtu kumwonyesha ndugu mahali alipo kwa dakika 15, saa moja au saa nane, bila malipo mengine zaidi ya intaneti. Ndugu huyo awe na jina, namba na picha ya mtu anayeonana naye, na wapatane saa ya kupigiana. Wengine wanapatana neno moja la kawaida, kama kuuliza mtoto amekula, ambalo maana yake ni kwamba mambo si mazuri. Kinywaji kifunguliwe mbele ya mwenyewe, na kisiachwe mezani.

Kwa biashara, mzigo uonekane kabla ya pesa kutumwa, na mara ya kwanza iwe kiasi ambacho mtu anaweza kukipoteza bila kufunga duka. Kwa kazi ya ng'ambo, pasipoti haikabidhiwi kwa mtu, na mkataba usomwe na mwingine kabla ya kuvuka mpaka. Kwa mtoto ambaye hajafikia miaka 18, jambo ni fupi: haendi peke yake, hata kama anayemwita anasema ni wa umri wake.

Wasimamizi wa makundi ya WhatsApp nao wana sehemu yao. Kabla ya kumwingiza mtu, waulize ni nani anayemleta, kama inavyofanyika sokoni. Na mtu akilalamika kwamba ameibiwa na mwanachama, wasifute ujumbe wake kwa kisingizio cha kulinda jina la kundi.

Serikali, na kila anayejiita kiongozi katika miji hii, wana deni la kurudisha mahali ambapo raia anaweza kupeleka malalamiko bila kulipa na bila kudharauliwa. Hilo halitategemea mitandao. Lakini mpaka siku hiyo ifike, ulinzi wa kwanza wa mkaaji wa Goma, Bukavu au Butembo unabaki kuwa mtu mwingine anayejua.

Bandarini, abiria wanaendelea kushuka. Anayetazama picha kwenye simu ameinua mkono, na mgeni naye ameinua wake. Kama kuna ndugu aliyesimama hatua chache nyuma, akinunua karanga na kujifanya hajali, wote wawili wanaweza kusalimiana kwa amani. Mgeni mwenye nia njema hatachukia kumwona ndugu huyo. Huenda naye amekuja na wake.